Fundo Lisilofunguka: Mizani, Vina na Kibwagizo katika Shairi la "Amina"

Mara nyingi somo la ushairi madarasani mwetu huishia kwenye hesabu. Mwanafunzi huhesabu mizani, akaandika "8 kwa 8". Hutazama vina vya kati na vya mwisho, akavipanga kwa herufi. Huonyesha mshororo unaorudiwa, akauita kibwagizo. Kisha hugeuza ukurasa na kuanza kazi nyingine iitwayo "maudhui", kana kwamba aliyoyahesabu hayana undugu wowote na yale ambayo mshairi amesema. Hesabu hiyo ni ya lazima, wala hatuna nia ya kuidharau. Lakini hesabu isiyoulizwa swali haina faida kubwa kuliko kuhesabu matofali ya nyumba bila kujua nani analala ndani yake.

Katika makala haya tumekusudia kulichunguza shairi moja la mapenzi ambalo walimu wengi wa Kiswahili wanalifahamu, nalo ni "Amina" la Shaaban Robert (1909–1962). Ni shairi la mume aliyefiwa na mke wake. Tutatazama mizani yake, vina vyake na marudio yake, tukiuliza kila mara swali hili: je, sheria hizi zimemsaidia mshairi kusema jambo ambalo asingeweza kulisema bila yake, au zimemfunga mikono? Mwalimu mwenye nakala ya shairi hilo na aiweke mbele yake anaposoma, kwa maana sisi tutaeleza muundo wake bila kuyanukuu maneno ya mtungaji.

Urithi aliouchukua mshairi

Umbo alilolitumia Shaaban Robert halikuwa lake peke yake. Shairi la mishororo minne, lenye mizani 16 katika kila mshororo, likigawanywa katikati kuwa vipande viwili vya mizani 8, lilikuwa limekwisha kukomaa Mombasa karne nzima na zaidi kabla yake. Muyaka bin Haji, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 na nusu ya kwanza ya karne ya 19, alilitumia umbo hilo kwa mambo ya siasa na vita vya mji wake, kwa mafumbo, kwa mizaha, na kwa mapenzi pia. Kabla ya hapo na sambamba na hapo ulikuwapo utenzi, wenye vipande vifupi vya mizani 8, ambao ulifaa kwa hadithi ndefu na mawaidha. Mfano ujulikanao na wengi ni utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake.

Tofauti ya matumizi ya maumbo haya mawili yafaa kukumbukwa. Utenzi husonga mbele. Kila ubeti humkabidhi msomaji kwa ubeti unaofuata. Shairi la beti za mishororo minne hukaa na kuzunguka. Ubeti wake hujitosheleza, na mshororo wa mwisho, hasa ukiwa kibwagizo, humrudisha msikilizaji pale alipoanzia. Kwa hiyo mshairi aliyetaka kusimulia maisha ya marehemu tangu kuzaliwa hadi kufa angechukua utenzi. Shaaban Robert mwenyewe alipotaka kuwausia wanawe alitumia utenzi: Utenzi wa Hati kwa binti na Utenzi wa Adili kwa mwana wa kiume. Kwa mkewe alichagua umbo lizungukalo. Msiba nao hauna simulizi ya kusonga mbele; mfiwa hulirudia wazo lile lile.

Ifahamike pia kwamba umbo hilo lilikuwa limekwisha kuingia katika magazeti. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutoka Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji wake, na kwa njia hiyo watu wa bara walijifunza utungo wa pwani. Mwaka 1954 Sheikh Amri Abedi alitoa kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, akaziweka kwa maandishi kanuni ambazo mashairi ya zamani yalikuwa yakizifuata kwa sikio. Wengi wetu tunaofundisha mbali na pwani tulizipokea kanuni hizi kutoka vitabuni, wala si kutoka kwenye ngoma na baraza. Pengine ndiyo sababu tunazifundisha kama hesabu.

Mizani: pumzi ya aliyefiwa

"Amina" lina beti sita. Kila ubeti una mishororo minne, basi jumla ni mishororo 24. Kipimo ni mizani 8 katika ukwapi, yaani kipande cha kwanza, na mizani 8 katika utao, yaani kipande cha pili.

Hapa wanafunzi wetu hupata taabu ambayo wenzao wa Unguja au Mombasa hawaipati, nayo inatokana na lugha zao za kwanza. Katika Kirundi, Kinyarwanda na Kiganda, urefu wa irabu hubadili maana ya neno, na mbele ya sauti kama ng au nd irabu hurefuka katika usemi. Mwanafunzi wa lugha hizo akisikia neno "mwanga" aweza kuisikia a ndefu na kulihesabia mizani tatu. Katika ushairi wa Kiswahili neno hilo ni mizani mbili: mwa-nga. Kinyume chake, neno "kaa", ambalo yeye atalisikia kuwa ni sauti moja ndefu, huhesabiwa mizani mbili: ka-a. Na ile m isimamayo peke yake, kama katika "mpenzi", ni mizani kamili: m-pe-nzi. Msemaji wa Kiswahili cha Lubumbashi, asemaye "mutoto" mahali pa "mtoto", hapotezi kitu katika hesabu hiyo, kwani yote mawili ni mizani tatu. Mwalimu akiyaeleza mambo haya kwa mifano ya lugha za wanafunzi wenyewe, taabu nyingi zitaondoka katika kipindi kimoja.

Mizani ikishahesabiwa, ndipo swali letu liulizwe. Kipande cha mizani 8 ni kifupi. Chatosha dai moja dogo, kisha pumzi hukatika. Katika "Amina" vipande hivyo vimepangwa kwa namna ambayo mara nyingi ukwapi hutaja jambo na utao hulieleza au hulitegua. Mshairi hutamka alilolitaka, kisha hutamka lililotukia. Hutaja maradhi, kisha hutaja kuchukuliwa. Ubeti wa tatu ndio unaodhihirisha zaidi. Humo mshairi anakiri kwamba huzuni yake haisemeki, kwamba mawazo yanakwenda huku na huku, kwamba yote yaonekana kama ndoto. Mtu wa hali hiyo angetazamiwa kupayuka. Lakini mizani haimruhusu. Kila baada ya sauti nane humtaka apumue na aanze tena. Hivyo msomaji husikia mambo mawili kwa pamoja: moyo uliotawanyika na ulimi uliojizuia. Huo ndio utu uzima ambao mila za pwani humtaka mfiwa auonyeshe mbele za watu, nao umo ndani ya kipimo chenyewe.

Vina: safari ya kwenda na kurudi

Vina vya mwisho katika shairi hili havibadiliki kutoka ubeti wa kwanza hadi wa sita: vyote huishia kwa sauti a. Vina vya kati ndivyo vinavyobadilika. Kwa mpango wa shule twaweza kuliita shairi hili ukara, yaani lile ambalo vina vya upande mmoja vyatiririka na vya upande wa pili vyabadilika.

Tuvipange vina vya kati kwa kufuatana na beti: ubeti wa kwanza ni -nga, wa pili -ke, wa tatu -ki, wa nne -zi, wa tano -ka, na wa sita -nga tena. Mwanafunzi aliyezoea hesabu ataandika orodha hiyo na kuridhika. Sisi tungemwomba aitazame tena. Kwa nini ubeti wa mwisho umerudia kina cha ubeti wa kwanza, na hali mshairi alikuwa na sauti nyingine nyingi za kuchagua?

Jibu limo katika kibwagizo. Mshororo unaorudiwa una kina chake cha kati, nacho ni hicho hicho -nga. Maana yake ni kwamba katika ubeti wa kwanza kibwagizo kinapatana na mishororo iliyokitangulia kwa vina vya kati na vya mwisho. Katika ubeti wa pili, wa tatu, wa nne na wa tano, kinapatana kwa vina vya mwisho tu. Kwa vina vya kati kinasimama peke yake, kama mtu aliyekaa kando katika kundi la wenzake. Kisha katika ubeti wa sita mapatano yanarejea.

Sasa tuzitazame fikira za beti hizo. Ubeti wa kwanza unamtaja mke aliyetangulia na kumwombea nuru na makazi mema. Beti nne za katikati ni za mapambano: kumtakia mgonjwa anyanyuke, kukubali uamuzi wa Mungu, kushindwa kuisema huzuni, kujikumbusha kwamba roho haiozi, na hatimaye kupata faraja ndogo katika kujua kwamba marehemu amefika mahali pasipo taabu. Ubeti wa sita unaitazama siku ya kufufuliwa, mavumbi yatakapoungana na roho kurudishwa. Kwa hiyo mahali mume anapopambana na kifo ndipo kina cha kati kinapoachana na kibwagizo. Na mahali anapotaja kukutana tena, kina kinakutana nacho tena. Sikio husikia kuachana na kurudiana hata kabla akili haijafasiri. Hatusemi kwamba mshairi alikaa na karatasi akapanga hayo kama fundi apimaye mbao. Twasema kwamba yamo, na kwamba msomaji anayapata.

Kuna jambo jingine katika vina ambalo mwalimu mkali wa arudhi ataliona upesi. Mishororo karibu yote huishia kwa irabu a iliyotanguliwa na irabu nyingine, kama katika mnyambuliko wa -ua, -ia au -ea. Lakini miwili huishia kwa -wa: mmoja katika ubeti wa kwanza na mmoja katika ubeti wa sita. Kwa kanuni kali, a na wa ni silabi mbili tofauti, na huenda mwanafunzi akaitia alama nyekundu mishororo hiyo. Kwa usemi tofauti ni ndogo mno, kwa kuwa -iwa na -ia hukaribiana sana kinywani. Yafaa tuone, hata hivyo, kwamba maneno hayo mawili yote ni vitenzi vya kutendwa: la kwanza lahusu kukubaliwa peponi, la pili lahusu kurudishiwa roho. Yote mawili ni matendo ambayo mwanadamu hayatendi. Hutendewa na Mola wake. Ikiwa ni kasoro, ni kasoro iliyoangukia mahali pazuri.

Marudio: kufunga na kufungua

Kibwagizo cha "Amina" hutokea mara sita katika mishororo 24. Robo nzima ya shairi, basi, ni mshororo mmoja. Asemaye kwamba marudio ni pambo tu hana budi kueleza kwa nini mshairi mwenye nafasi ndogo hivyo aitoe robo yake kwa pambo.

Kwa asili kibwagizo ni sauti ya wengi. Katika uimbaji mmoja hutoa na wengine huitikia. Ndiyo maana huitwa pia kiitikio. Katika mashairi ya majibizano kibwagizo hubeba hoja ambayo mtungaji anataka ishikwe na wasikilizaji. Shairi la kumlilia mke ni jambo la mtu mmoja, lakini Shaaban Robert hakukiondoa kiitikio. Matokeo yake ni kwamba mfiwa anajitolea wimbo na kujiitikia mwenyewe. Asomaye shairi hilo kwa sauti mbele ya darasa na akawataka wanafunzi waupokee mshororo wa mwisho ataona jinsi majonzi ya mmoja yanavyopata wa kuyabeba.

Kibwagizo hicho kimejengwa juu ya vitenzi viwili vya mzizi mmoja: kufunga na kufungua. Dai lake ni kwamba pendo la wawili hao ni fundo ambalo hakuna awezaye kulitegua. Walimu wa sarufi wataitambua hapa kauli ya kutendua, ambayo hupindua tendo la kwanza: kunja na kunjua, ziba na zibua, funga na fungua. Lugha yenyewe yatufundisha kwamba kila kilichofungwa chaweza kufunguliwa. Irabu moja tu yatosha. Mshairi analikanusha hilo. Anaitaja kauli ya kutendua na papo hapo kukana kwamba yupo wa kuitenda. Kifo, ambacho hutendua kila kitu, kimepewa nafasi ya kutenda na kimenyimwa uwezo.

Wala neno kufunga halikuanzia katika kibwagizo. Katika ubeti wa kwanza mshairi amemfananisha mkewe na ua lililofunga baada ya kuchanua. Kufunga huko ni kufa. Mishororo miwili baadaye neno lile lile latumika kwa ndoa, na hapo kufunga ni kudumu. Kwa hiyo katika ubeti mmoja kitenzi kimoja kimebeba msiba na faraja yake. Mwalimu akimwuliza mwanafunzi, "Je, kufunga ni neno jema au baya katika shairi hili?", atakuwa amempa swali la maana kuliko kumtaka ataje bahari ya shairi.

Marudio mengine mawili hayaonekani upesi kama kibwagizo. La kwanza ni la dua. Utao wa mshororo wa kwanza katika ubeti wa pili, unaotaja kumwombea dua, warudi katika utao wa mshororo wa kwanza wa ubeti wa sita. Mara ya kwanza dua ni ya kumtakia mgonjwa apone. Mara ya pili ni ya kumtakia marehemu mema ya akhera. Maneno ni yale yale, hali imegeuka. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mtu aliyeuguza: dua haikukoma mgonjwa alipokufa, ilibadili tu haja yake. Na tukumbuke kwamba jina la mke, ambalo ndilo neno la kwanza la shairi, latamkwa sawasawa na neno linalofunga dua.

Marudio ya pili ni ya kitenzi kujitenga. Katika mshororo wa kwanza kabisa aliyejitenga ni mke. Katika ubeti wa mwisho kitenzi hicho chatokea tena, lakini sasa kinachojitenga ni mauti, nayo mapenzi yanarejea. Neno lililofungua shairi kwa msiba ndilo linalolifunga kwa tumaini. Kilichobadilika ni mtenda tu. Kina -nga ndicho kilichomwezesha mshairi kulirudisha neno hilo mahali pake, ukingoni mwa ukwapi, ambapo sikio hulisikia vizuri zaidi. Bila sharti la vina mapatano hayo yangepotea.

Ugomvi wa miaka ya 1970 na jibu la shairi

Baada ya Shaaban Robert kufariki mwaka 1962, yalizuka mabishano makali kuhusu kanuni hizi. Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974, akiwa na mashairi yasiyofuata vina wala mizani ya kale. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi nao walitetea mabadiliko, na mwaka 1979 wakatoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Upande wa jadi ulijibu kwamba shairi lisilo na vina na mizani si shairi la Kiswahili. Kila upande ulikuwa na hoja yake. Wanamabadiliko walisema kweli walipoonya kwamba vina vyaweza kumlazimisha mtungaji kuchomeka maneno yasiyo na kazi. Magazeti yetu yamejaa mifano ya aina hiyo. Wanajadi walisema kweli waliposhikilia kwamba wimbo ni sehemu ya maana.

"Amina" halimalizi ugomvi huo, kwa kuwa shairi moja haliwezi kuamua juu ya mengine yote. Lakini latuonyesha kwamba swali la haki si kama shairi lina vina au halina. Swali ni kama sheria iliyochaguliwa na jambo linalosemwa vinafungamana. Mshairi huyu alikuwa na jambo moja la kusema: kwamba kilichofungwa kwa hiari hakitafunguliwa kwa nguvu. Alilisema kwa umbo ambalo lenyewe ni ahadi iliyofungwa. Kila ubeti ulimlazimu arudi kwenye mshororo ule ule, naye akarudi, mara sita, pamoja na mashaka yote aliyoyakiri njiani. Mume aliyeahidi kwamba hataliacha pendo lake aliitimiza ahadi hiyo mbele ya macho yetu kwa kutolikwepa sharti la utungo wake.

Kwa darasa

Twapendekeza kwa walimu wenzetu utaratibu mwepesi. Kipindi cha kwanza, shairi lisomwe kwa sauti mara mbili bila maelezo, darasa likipokea kibwagizo. Kipindi cha pili, wanafunzi wahesabu mizani na kuorodhesha vina vya kati vya beti zote sita. Kipindi cha tatu wapewe maswali matatu tu: Ni katika beti zipi kibwagizo kinapatana na vina vya kati, na beti hizo zasema nini? Ni maneno gani ya ubeti wa kwanza yanayorudi katika ubeti wa sita, na nani anayatenda? Neno kufunga lina maana ngapi?

Mwanafunzi akiyajibu hayo kwa maneno yake mwenyewe, atakuwa amefanya hesabu yote tuliyokuwa tukimtaka aifanye, na zaidi ya hapo atakuwa amejua ni nani anayelala ndani ya nyumba.